Kukusanya bahasha za kampuni binafsi za barua za Magharibi ya Marekani: uanzie wapi

Anayeingia kwenye ukusanyaji huu kwa kawaida anaingia na jina moja kichwani: Pony Express, wale wapanda farasi waliokimbiza barua kati ya St. Joseph, Missouri, na Sacramento, California. Liweke jina hilo pembeni kwanza. Huduma ile iliishi mwaka mmoja na nusu tu, kuanzia tarehe 3 Aprili 1860 hadi mwishoni mwa Oktoba 1861. Ilipoanza ilitoza dola 5 kwa kila nusu wakia, kwa hiyo walioitumia walikuwa mabenki, wafanyabiashara wakubwa na magazeti. Bahasha zilizosalia zimeorodheshwa moja baada ya nyingine na wataalamu, na zikitokea mnadani huenda kwa maelfu mengi ya dola.

Kazi kubwa ya kubeba barua za wachimba dhahabu ilifanywa na wengine. Wells, Fargo & Co. ilibeba barua kuanzia 1852 hadi 1895. Kabla yake na pembeni yake palikuwa na kampuni nyingine kwa mamia, nyingine za mtu mmoja na nyumbu wake. Huko ndiko mtu wa mfuko wa kawaida anaweza kupata kitu halisi cha karne ya 19, akakishika mkononi na akaelewa anachokiona. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Kwanza, elewa nani alikuwa anamlipa nani

Dhahabu iligunduliwa Coloma, California, Januari 1848. Mwaka uliofuata watu walimiminika kutoka kila pembe ya dunia, na posta ya serikali ikazidiwa. San Francisco ilikuwa na ofisi ya posta, ila mchimbaji aliyekuwa mlimani Sierra Nevada hakuwa na posta karibu, na kushuka mjini kupanga foleni kulimaanisha kuacha shimo lake siku kadhaa. Shimo lililoachwa lilikuwa na wenyewe wapya kabla hujarudi.

Alexander Todd aliiona nafasi hiyo 1849. Alizunguka kambini akiandikisha majina, kisha akashuka San Francisco na orodha yake, akachukua barua za watu wake posta na kupanda nazo tena mlimani. Kila barua aliyoifikisha ilimpatia karibu wakia moja ya dhahabu, ambayo wakati huo ilihesabiwa dola 16. Watu walilipa. Ni sawa na leo mtu anavyompa kondakta wa basi bahasha ya kwenda Mwanza ilhali posta iko wazi ng'ambo ya barabara: anachonunua ni uhakika wa kufika.

Tatizo lilikuwa sheria. Tangu 1845 Bunge la Marekani lilikuwa limezizuia kampuni binafsi kubeba barua kwenye njia za posta. Sheria ya tarehe 31 Agosti 1852 ikafungua mlango mdogo: kampuni inaweza kubeba barua, mradi iwe ndani ya bahasha ya serikali yenye stempu iliyochapwa juu yake. Bahasha hizo zilianza kutoka 1853, zikitengenezwa na George F. Nesbitt wa New York, na ndiyo maana hadi leo wakusanyaji huziita Nesbitt.

Matokeo yake ni jambo la ajabu kidogo. Serikali ilipokea ada yake kamili kwa barua ambayo haikuigusa. Kampuni nayo ilinunua bahasha za serikali, ikachapa juu yake chapa yake ya malipo, kisha ikamuuzia mteja kwa bei inayojumlisha ada zote mbili. Mteja hakulalamika, kwa sababu barua ilifika.

Ukiishika hiyo, umeishika nusu ya fani. Kila bahasha ya aina hii ni risiti yenye malipo mawili, wakati mwingine matatu, na kazi yako ni kuyatafuta yote.

Chagua uwanja mdogo

Usiseme "nakusanya Magharibi yote". Utafilisika na hutajua chochote. Kuna viwanja vinne au vitano vinavyofaa kwa mtu anayeanza, na sivipi uzito sawa.

Ninachokipendekeza kuliko vyote ni mihuri ya miji kwenye bahasha za Wells Fargo za miaka ya 1860 hadi 1880. Bahasha zenyewe ni nyingi, na za kawaida hupatikana kwa makumi ya dola. Kinachobadilika ni mji: Placerville, Sonora, Columbia, Downieville, Yreka, Virginia City. Unanunua bahasha moja kwa kila mji, unachora ramani, na taratibu unaanza kuona barabara za magari ya farasi zilipopita. Miji mingine ilikufa dhahabu ilipoisha, na muhuri wa bluu kwenye bahasha ni miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki kuonyesha kwamba pale palikuwa na ofisi na karani wake.

Uwanja wa pili ni kampuni zilizotangulia: Adams & Co., Gregory, Todd, Freeman, Langton. Hapa bei inapanda haraka, lakini historia ni nzito. Adams ilikuwa kubwa kuliko Wells Fargo hadi Februari 1855, mabenki ya San Francisco yalipoporomoka. Adams ilianguka nayo huko California, Wells Fargo ikafunga milango siku chache kisha ikafungua tena, na kuanzia hapo ikawa haina mpinzani wa kimo chake.

Wapo wanaopenda British Columbia, na siwalaumu. Dhahabu ya mto Fraser, 1858, iliwapeleka wachimbaji wa California kwenye ardhi ya Uingereza, na kampuni zao zikawafuata. Barua iliyotoka Victoria kwenda San Francisco ilitakiwa kulipiwa posta ya koloni, posta ya Marekani na kampuni, vyote kwenye kipande kimoja cha karatasi. Ni bahasha nzuri kuliko zote kuzisoma, na bei zake zinalingana na uzuri huo.

Bahasha za Wells Fargo za Meksiko, za mwishoni mwa karne, ni rahisi na zimesahaulika. Barua za wafanyabiashara wa Kichina wa California, zenye mihuri au maandishi ya Kichina, ni kinyume chake: zinagombewa. Wachina walikuwa wateja wakubwa kiasi kwamba Wells Fargo ilichapisha orodha ya maduka yao 1878, na tena 1882.

Jifunze kuisoma bahasha moja hadi mwisho

Tuchukue mfano wa bahasha ya kawaida kabisa, ya aina utakayokutana nayo wiki ya kwanza. Karatasi ni ya rangi ya maziwa iliyoiva kidogo. Kona ya juu kulia kuna stempu nyekundu ya senti 3, imechapwa kwa mbonyeo. Pitisha kidole utahisi kichwa cha George Washington kimeinuka. Juu, kuelekea kushoto, kuna maneno meusi ndani ya fremu: Paid, kisha Wells, Fargo & Co., kisha Over our California and Coast Routes. Katikati kuna anwani ya mtu San Francisco, kwa wino wa kahawia. Juu ya stempu umepigwa muhuri wa mviringo uliorefuka, wa bluu, wenye jina la kampuni na la mji, tuseme Mokelumne Hill, na siku na mwezi. Mwaka hakuna.

Soma kwa mpangilio huu.

Anza na stempu ya serikali. Senti 3 ilitosha kwa umbali wa chini ya maili 3,000 tangu Julai 1851, kwa barua iliyolipiwa mapema. Kutoka California hadi pwani ya mashariki ilikuwa senti 6 ikilipiwa kabla, senti 10 ikilipwa na mpokeaji. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1855 ile ya mbali ikawa senti 10 na kulipia kabla kukawa lazima. Tarehe 1 Julai 1863 nchi nzima ikawa senti 3, na Oktoba 1883 ikashuka hadi senti 2. Viandike viwango hivi kwenye kadi, uiweke kwenye pochi. Bahasha ya senti 3 iliyokwenda New York mwaka 1858 haikulipiwa vya kutosha, kwa hiyo ama kuna maelezo, ama kuna mtu anakudanganya.

Kisha chapa ya kampuni. Chapa za awali za Wells Fargo husema Through our California and Atlantic Express. Ile ya Coast Routes ilikuja baadaye. Maneno haya ni ya matangazo, hayathibitishi barua ilipita wapi, ila yanakusaidia kukadiria umri.

Halafu muhuri. Uliza: umeipiga stempu ya serikali, au umepigwa pembeni? Kampuni ilitakiwa kuiharibu stempu ili isitumike tena, kwa hiyo muhuri wa kampuni juu ya stempu, bila muhuri wowote wa posta, unamaanisha barua ilisafiri mikononi mwa kampuni mwanzo hadi mwisho. Ukiona mihuri miwili, wa kampuni na wa posta ya San Francisco, barua imebadilisha mikono: kampuni iliitoa mlimani, ikaikabidhi posta, nayo ikaenda kwa meli hadi Panama, ikavuka nchi kavu, ikapanda meli nyingine hadi New York. Kinyume chake pia kipo, barua iliyofika San Francisco kwa posta na kupandishwa mlimani na kampuni. Bahasha hizi za kubadilisha mikono ndizo zinazofundisha zaidi, na wauzaji wengi wasiobobea kwenye fani hii hawazibainishi.

Mwisho geuza upande wa pili, na uangalie kingo. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na desturi ya kukunja barua na kuandika pembeni jina la mtumaji na siku ilipopokelewa, mara nyingi na mwaka. Mstari huo mdogo uliofifia ni dhahabu kwako kuliko muhuri uliokaa vizuri.

Kupata mwaka

Hapa ndipo ukusanyaji unakuwa kazi ya upelelezi, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote.

Mihuri mingi ya kampuni haina mwaka. Unaubana kutoka pande mbili. Bahasha ya serikali inakupa mwaka wa chini kabisa: Nesbitt ya senti 3 haiwezi kuwa kabla ya 1853, ya senti 10 ya kijani haiwezi kuwa kabla ya 1855. Kampuni inakupa mwaka wa juu: muhuri wa Adams wa California hauwezi kuvuka Februari 1855, wa Todd hauendi mbali baada ya 1853 alipouza biashara yake kwa Wells Fargo. Vita ya wenyewe kwa wenyewe nayo inasaidia, maana 1861 serikali ilizifuta stempu na bahasha zake za zamani ili waasi wa kusini wasizitumie, ikatoa mpya.

Kwa barua zilizokwenda mashariki kuna silaha nyingine: ratiba ya meli. San Francisco ya miaka ya 1850 iliishi kwa siku ya meli, mara mbili kwa mwezi, siku ambayo mji mzima ulikesha ukiandika barua na kulipa madeni. Magazeti yaliandika kila meli iliyoondoka na kuingia, na magazeti hayo leo yapo mtandaoni bure. Fungua mkusanyo wa kidijitali wa magazeti ya California, tafuta Daily Alta California au Sacramento Daily Union, weka siku na mwezi wa muhuri wako, jaribu mwaka mmoja mmoja. Ukipata mwaka ambao meli iliondoka siku ileile na miaka ya jirani haikuondoka, umeshapata. Hakuna duka linalouza raha hiyo.

Tofautisha halisi na bandia

Kuna aina tatu za bahasha zitakazokuingiza mkenge.

Ya kwanza si bandia, ni jina tu. Pony Express imeadhimishwa mara nyingi: kulikuwa na mbio za kumbukumbu 1935, stempu ya senti 3 tarehe 3 Aprili 1940, maadhimisho ya miaka mia 1960, na hadi sasa wapo wapanda farasi wanaoirudia njia ile kila mwaka wakiwa na barua. Bahasha za matukio hayo ni nzuri na ni za bei ya chakula cha mchana. Muuzaji akiandika Pony Express bila kutaja mwaka, tazama stempu iliyobandikwa kabla hujatazama farasi aliyechorwa.

Ya pili ni stempu za Wells Fargo zenye farasi na mpandaji, za dola 1, 2 na 4, zilizotoka 1861 na kuchapwa na Britton & Rey wa San Francisco. Zimeigwa tangu karne ileile ya 19. Usinunue hata moja bila cheti.

Ya tatu ndiyo mbaya, kwa sababu nusu yake ni kweli. Bahasha nyingi zenye chapa ya kampuni zilibaki bila kutumika. Mtu huchukua moja, halisi kabisa, akaandika anwani na kupiga muhuri wa mji adimu. Karatasi ni sahihi, stempu ni sahihi, chapa ni sahihi; muhuri ni wa jana. Dawa yake ni subira na taa. Ile taa ya UV ya kukagulia noti, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, inatosha kuanzia. Wino na karatasi za kisasa mara nyingi huwaka chini yake kwa namna ambayo vitu vya 1860 haviwaki. Kisha kioo cha kukuzia mara kumi: angalia mahali wino wa anwani unapokutana na wino wa muhuri, ujue upi uko juu. Anwani iliyoandikwa juu ya muhuri haina maana, kwani mteja aliandika kwanza, karani akagonga baadaye. Na mwisho pima muhuri kwa rula ya milimita, ulinganishe na ule uliothibitishwa wa mji uleule. Milimita moja zaidi haitokani na bahati.

Kwa bahasha yoyote ya bei inayokuuma, omba cheti. Philatelic Foundation ya New York na kitengo cha ukaguzi cha American Philatelic Society huko Pennsylvania hufanya kazi hiyo kwa ada. Cheti cha zamani sana kinasaidia, lakini elimu imesonga. Chenye picha na cha karibuni ndicho cha kutegemea.

Kununua ukiwa mbali

Kabla ya kununua chochote, tumia miezi kadhaa kuangalia tu. Nyumba za mnada kama Robert A. Siegel ya New York na Schuyler Rumsey ya San Francisco huweka katalogi zao na bei zilizofikiwa mtandaoni bure, zikiwa na picha kubwa na maelezo ya wataalamu. Huo ni ukumbi wa darasa. Western Cover Society, chama cha wakusanyaji wa fani hii hasa, kina jarida lake la Western Express, na matoleo ya zamani ni hazina kwa anayetaka kujua mji fulani ulikuwa na mihuri mingapi.

Ukianza kupiga bei, hesabu yote. Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyofikiwa mnadani, haiishii pale. Nyumba ya mnada huongeza kamisheni ya mnunuzi, kisha usafirishaji, kisha ada ya benki, na ikifika Dar au Mombasa forodha nao wana neno lao. Waulize forodha kabla, wala usimwambie muuzaji aandike thamani ya uongo. Bahasha ikipotea utalipwa kile kilichoandikwa. Wengi wetu hutumia njia ya ndugu: muuzaji anatuma kwa mtu wenu aliyeko Houston au Minneapolis, naye anakuja nayo Desemba akishuka. Mwambie tu ni karatasi ya miaka mia na hamsini, asiikunje kuingiza kwenye pasipoti.

Hali ya bahasha usiifanye ibada. Barua hizi zilipanda nyumbu na kulowa mvua. Tundu dogo au kona iliyoraruka inapunguza bei kuliko inavyopunguza habari. Bahasha iliyochanika upande mmoja yenye muhuri unaosomeka vizuri naichukua mbele ya ile safi yenye doa la wino pasipojulikana jina la mji.

Kuzitunza na kuzipanga

Adui wa pwani ni unyevu, na mdudu anayekula karatasi. Tumia mifuko ya polista isiyo na asidi, usitumie ile laini ya albamu za picha za harusi, ambayo baada ya miaka hunata na kutoa mafuta. Weka pakiti za silika kwenye boksi, zibadilishe zikishiba maji. Usibandike, usiweke selotepu, na usiandike chochote juu ya bahasha, hata kwa penseli.

Kwenye ukurasa wa albamu andika mistari minne: kutoka wapi kwenda wapi, lini na umejuaje, nani alilipwa nini, na nani aliibeba kila kipande cha njia. Ukishindwa kujaza mmoja wapo, acha nafasi tupu. Mimi huiacha na alama ya kuuliza kwa penseli kwenye ukurasa wenyewe, halafu jioni nikipata bando narudi kwenye magazeti ya Sacramento.